Mwuguzi na Elimu ya Juu

Msomaji, ukiwauliza watu kumi njiani kazi ya mwuguzi ni nini, huenda tisa wakakujibu kwamba kazi yake ni kupiga sindano, kufunga vidonda, kutandika vitanda na kutii amri ya daktari. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini ni nusu ya kweli. Siku hizi wako wauguzi waliosoma katika vyuo vikuu hata wakapata shahada ya pili na ya tatu. Hao humpima mgonjwa na kuutambua ugonjwa wake, huandika dawa, humlaza mgonjwa usingizi wa nusukaputi kabla hajapasuliwa, huzalisha akina mama, na huwafundisha na kuwaongoza wenzao. Wauguzi wa namna hii hawakuzuka ghafula kama uyoga baada ya mvua. Walitanguliwa na watu waliojitahidi kwa zaidi ya miaka mia moja, wengine wakidharauliwa, wengine wakishtakiwa hata mahakamani.

Habari zao ndizo nitakazokusimulia. Sehemu kubwa ya mambo haya ilitendeka Marekani, kwa maana huko ndiko njia hii ilikolimwa kwanza na kupanuliwa. Lakini mwishowe tutafika hapa kwetu. Nakuomba usome ukiwa na swali moja moyoni: Je, elimu ya juu humpeleka mwuguzi karibu na kitanda cha mgonjwa, au humpeleka mbali nacho? Swali hili si la mzaha. Siku moja wewe, au mama yako, au mtoto wako, atalala juu ya kitanda hicho, na jibu lake litakuwa ni uhai au mauti.

Mwanzo wa uuguzi wa kisasa hutajwa kuwa kazi ya Florence Nightingale, bibi wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1820. Kabla ya siku zake, wauguzi wengi wa hospitali za Ulaya walikuwa watu wasiofundishwa kazi. Mwaka 1854, wakati wa Vita vya Krimea, alikwenda na wanawake wenzake kuuguza askari wa Kiingereza huko Scutari. Aliona askari wakifa kwa kipindupindu, kuhara damu na homa ya matumbo, wengi kuliko waliokufa kwa majeraha ya vita. Watu humkumbuka kwa taa aliyoshika usiku akipita katikati ya wagonjwa. Ni wachache wamkumbukao kwa hesabu zake. Aliporudi kwao alizihesabu maiti, akazipanga kwa sababu za vifo, akachora michoro ya hesabu hizo ili wakubwa wa serikali wasipate njia ya kukana. Chama cha Takwimu cha London kikampokea awe mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wake. Mwaka 1860 shule ya wauguzi ikafunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', London. Shika sana jambo hili, maana litarudi tena na tena: mwuguzi hakusikilizwa kwa sababu ya huruma yake tu, bali kwa sababu aliandika alichokiona.

Fikra hiyo ikavuka bahari. Mwaka 1873 shule tatu za wauguzi zilifunguliwa Marekani, katika miji ya New York, New Haven na Boston, na nyingine nyingi zikafuata. Lakini shule hizo zilikuwa na kasoro kubwa. Zilikuwa mali ya hospitali, na hospitali ilimtazama mwanafunzi kama mkono wa kazi usiolipwa mshahara wa haki. Msichana alifanya kazi wodini mchana kutwa, na somo lilikuja jioni, macho yakiwa yamekwisha jaa usingizi. Wako waliotambua kwamba mambo hayatatengenea mpaka uuguzi uwe na mlango wake katika chuo kikuu. Mwaka 1899 Teachers College ya New York, iliyo sehemu ya chuo kikuu cha Columbia, ilianzisha masomo ya wauguzi waliotaka kufundisha na kusimamia hospitali. Mwaka 1907 Mary Adelaide Nutting, aliyezaliwa Kanada, akawa profesa huko; ndiye mwuguzi wa kwanza kupata cheo hicho. Mwaka 1923 chuo kikuu cha Yale nacho kikafungua shule ya wauguzi, na mkuu wake akawa Annie Goodrich.

Hapo mlango ulifunguka, ila haukuwafungukia wote sawasawa. Wauguzi weusi wa Marekani walizuiwa kuingia katika shule nyingi na hospitali nyingi. Mwaka 1931 Estelle Massey Osborne alipata shahada ya pili katika Teachers College. Alikuwa mwuguzi mweusi wa kwanza kuipata nchini mwake. Hakuitumia kama pambo la ukutani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alishindana ili shule ziwapokee wanafunzi weusi na majeshi yawapokee wauguzi weusi. Jeshi la Wanamaji, lililokuwa likiwakataa, liliwapokea mwaka 1945.

Sasa, msomaji, hebu turudie swali letu. Elimu hiyo ya kwanza ya chuo kikuu ilimpeleka mwuguzi wapi? Ilimpeleka darasani kufundisha na ofisini kusimamia. Hizo ni kazi njema, kwani shule bila mwalimu haiwi shule. Lakini matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kadiri mwuguzi alivyozidi kujua, ndivyo alivyozidi kuondolewa kwa mgonjwa, na mgonjwa akaachiwa yule aliyejua machache. Wakati huohuo walikuwapo wauguzi wengine walioongeza ujuzi wao palepale kitandani. Tuwatazame hao nao.

Wa kwanza ni Alice Magaw, aliyefanya kazi katika mji mdogo wa Rochester, jimbo la Minnesota, pamoja na wapasuaji wawili ndugu walioitwa Mayo. Zamani zile dawa ya usingizi ilikuwa jambo la kuogofya. Mgonjwa aliweza kufa kwa dawa kabla ya kisu kumfikia. Magaw alidondosha etha tone kwa tone juu ya kitambaa kilichofunika pua na kinywa, huku akimtazama mgonjwa uso, akisikiliza pumzi zake, na akisema naye kwa upole mpaka alale. Naye aliandika. Mwaka 1906 alichapisha habari za wagonjwa zaidi ya 14,000 aliowashughulikia, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya dawa hiyo. Chanda chema huvikwa pete, na madaktari kutoka mbali wakaja kutazama alivyofanya.

Lakini sifa huzaa wivu, na pia huzaa maswali ya haki. Madaktari waliposhika kazi ya nusukaputi kuwa fani yao, baadhi yao walisema kwamba mwuguzi anayetoa dawa hiyo anafanya udaktari bila ruhusa. Huko Los Angeles, California, mwuguzi aitwaye Dagmar Nelson alishtakiwa kwa jambo hilo. Mwaka 1936 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba mwuguzi atoaye dawa ya usingizi kwa maelekezo ya mpasuaji hakuvunja sheria ya udaktari. Fikiri kidogo juu ya uzito wa hukumu ile. Kama Nelson angalishindwa, si yeye tu angalipoteza kazi. Hospitali nyingi ndogo, ambazo hazikuwa na mtu mwingine wa kazi hiyo, zingalifunga vyumba vyao vya upasuaji.

Wa pili ni Mary Breckinridge. Bibi huyu alipatwa na misiba mizito: mume wake wa kwanza alikufa, na watoto aliozaa baadaye, wote wawili, wakafa wangali wadogo. Akaazimia kuyatumia maisha yake kwa ajili ya watoto wa wengine. Alikuwa mwuguzi tayari, akaenda Uingereza kujifunza ukunga, kwa kuwa Marekani haikuwa na shule ya kuwafundisha wauguzi ukunga kama alivyoutaka. Mwaka 1925 alianzisha huduma katika milima ya Kentucky, mahali palipokuwa hapana barabara wala daktari wa karibu. Wauguzi wakunga wake walipanda farasi, wakavuka mito na theluji, mifuko ya dawa ikining'inia ubavuni mwa mnyama. Kampuni ya bima iitwayo Metropolitan Life ilipochunguza uzazi 1,000 wa kwanza, haikuona kifo hata kimoja cha mama kilicholetwa na uzazi wenyewe. Mwaka 1939 Breckinridge alifungua shule yake mwenyewe ya wauguzi wakunga palepale milimani.

Wa tatu ndiye aliyeifunga elimu ya juu na kitanda cha mgonjwa kwa kamba moja. Jina lake Hildegard Peplau, binti wa wahamiaji, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1909. Aliuguza wagonjwa wa akili, akaona kwamba mazungumzo ya mwuguzi na mgonjwa wake si porojo za kupitishia wakati, bali ni sehemu ya matibabu, nayo yaweza kuchunguzwa na kufundishwa kama elimu nyingine. Aliandika kitabu juu ya jambo hilo na kukimaliza mwaka 1948, lakini hakikuchapishwa hadi mwaka 1952, kwa maana ilionekana ni ujasiri uliopita kiasi mwuguzi kutoa kitabu cha elimu pasipo jina la daktari kando ya lake. Mwaka 1954, katika chuo kikuu cha Rutgers, Peplau alianzisha masomo ya shahada ya pili ya kumfanya mwuguzi awe bingwa wa kuwahudumia wagonjwa wa akili. Ona tofauti: shahada hii haikuwa ya kumtoa mwuguzi wodini; ilikuwa ya kumrudisha wodini akiwa na ujuzi mkubwa zaidi. Hivyo ndivyo alivyoanza yule tunayeweza kumwita mwuguzi bingwa.

Wa nne ni Loretta Ford, mwuguzi wa afya ya jamii katika jimbo la Colorado. Alizunguka mashambani akawaona watoto wengi wasioonwa na daktari yeyote. Mwaka 1965, pamoja na Daktari Henry Silver, bingwa wa magonjwa ya watoto, alianzisha katika chuo kikuu cha Colorado mafunzo ya kumwezesha mwuguzi kumpima mtoto toka utosini hata unyayoni, kutambua maradhi ya kawaida na kuyatibu, na kujua ni mtoto gani apelekwe kwa daktari upesi. Tumwite mwuguzi huyu mwuguzi-tabibu. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwuguzi na daktari walikutana, na moto ukawaka.

Usidhani kwamba wote walipiga makofi. Madaktari wengine walinung'unika kwamba mpaka wao umevukwa. Tena, jambo la kushangaza zaidi, wauguzi wakubwa walikuwa miongoni mwa wapinzani. Martha Rogers, aliyeongoza masomo ya uuguzi katika New York University, aliona kwamba wauguzi-tabibu wameuacha uuguzi na kwenda kuokota makombo ya udaktari. Hoja yake ilikuwa na uzito. Mtu akichukua kazi za mwenzake, ni nani atakayefanya zile zake za asili? Ford alijibu kwa msimamo kwamba huyu angali mwuguzi kamili: anamjua mgonjwa, nyumba yake na chakula chake, na sasa amezidishiwa chombo mkononi. Loretta Ford aliishi miaka 104, akafa mwaka 2025, akiwa ameiona mbegu yake ikiwa mti mkubwa.

Mabishano kama haya hayamalizwi kwa maneno. Yalihitaji kipimo, na kipimo kikapatikana. Huko Burlington, Kanada, familia ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikaonwa na madaktari, nyingine na wauguzi-tabibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974: afya za makundi mawili hayo zilikuwa sawa, na takriban thuluthi mbili za safari za wagonjwa wauguzi walizimaliza wenyewe bila kumwita daktari. Mwaka 2000 wachunguzi wa New York walichapisha habari za wagonjwa 1,316 waliogawanywa vivyo hivyo, na baada ya miezi sita hawakuona tofauti ya maana katika afya zao. Msomaji mwangalifu atasema kwamba miezi sita si maisha, na kwamba wagonjwa hao hawakuwa wa maradhi ya kila aina. Atakuwa amesema vyema. Ushahidi mzuri una mipaka yake, na mwenye elimu haufanyi useme lisilokuwamo.

Sheria nazo zilifuata polepole. Jimbo la Idaho lilitangulia mwaka 1971 kumtambua mwuguzi-tabibu. Leo zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani yanamruhusu kufanya kazi bila kusimamiwa na daktari, na mengine bado yanakataa. Wauguzi-tabibu wenye leseni nchini humo wamepita 300,000. Kwa jumla wauguzi wa daraja hilo la juu wamepangwa huko katika kazi nne: mwuguzi-tabibu, mwuguzi mkunga, mwuguzi wa nusukaputi na mwuguzi bingwa. Huyu wa mwisho huwa mshauri wa wodi nzima: mgonjwa wa kisukari au wa saratani akishindikana, yeye huitwa, na yeye huchunguza kwa nini vidonda vya wagonjwa haviponi na kubadili desturi mbaya ya kazi.

Kwa kawaida kazi hizo huhitaji shahada ya pili. Mwaka 2004 chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani kilipiga kura kwamba ifikapo mwaka 2015 ziingiwe kwa shahada ya tatu. Mwaka huo ulipita bila lengo kutimia kote, lakini wauguzi wa nusukaputi wameshika njia hiyo: tangu mwaka 2022 kila aanzaye masomo hayo lazima asomee shahada ya tatu. Hapo ulizuka ugomvi wa jina. Mwenye shahada ya tatu huitwa daktari, awe wa historia, wa kilimo au wa uuguzi. Lakini mgonjwa aliye taabani akisikia neno daktari hufikiri jambo moja tu. Kwa hiyo ni wajibu wa mwuguzi msomi kumwambia mgonjwa wazi yeye ni nani. Elimu isiyosema kweli juu ya nafsi yake haifai kuaminiwa juu ya dawa.

Tena tuwatendee haki madaktari. Mafunzo yao ni marefu, na magonjwa mengine hujificha nyuma ya dalili ndogo. Mwuguzi-tabibu anayedhani anajua yote ni hatari kama daktari anayedhani hivyo. Ujuzi bora kuliko wote ni ule wa kujua mahali ujuzi wako unapokoma, na kumwita mwenzako kabla ya kuchelewa.

Sasa tuje Afrika. Botswana ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuwafundisha wauguzi-tabibu wa kuhudumia jamaa nzima, kwa sababu nchi ni pana na madaktari walikuwa wachache. Kenya ilifuata njia nyingine: kazi ya kupima na kutibu penye upungufu wa madaktari ilishikwa zaidi na maafisa wa kliniki, ambao ni kundi lenye mafunzo na sheria zake. Hata hivyo elimu ya juu ya wauguzi haikusahauliwa. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiitwa University College, Nairobi, kilianzisha stashahada ya juu ya uuguzi. Sheria ya mwaka 1983 ililiunda Baraza la Wauguzi la Kenya. Mwaka 1992 shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza kutolewa Nairobi, na baadaye shahada ya pili. Hospitali ya Kijabe nayo imewafundisha wauguzi kazi ya nusukaputi, nao wamekwenda kuhudumu katika hospitali zilizo mbali na miji mikubwa.

Lakini lile swali letu limetufuata hata huku. Mwuguzi wa Kenya akirudi na shahada yake, mara nyingi hupewa meza na kalamu, au huenda kufundisha, au huiacha nchi. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kuwawezesha wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi Uingereza. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta riziki. Bali twaweza kuuliza: je, tumetengeneza cheo, mshahara na heshima kwa mwuguzi msomi anayetaka kubaki kitandani kwa mgonjwa? Pasipo hayo, tutakuwa tumerudi pale Marekani ilipokuwa kabla ya Peplau, ambapo kupanda kwa elimu kulikuwa ni kuondoka wodini.

Wapo walioonyesha kwamba yawezekana vinginevyo. Mwaka 2022 Anna Qabale Duba, mwuguzi wa Marsabit, alishinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi iitwayo Aster Guardians. Hakuipata kwa kukaa mbali na watu wake; aliipata kwa kujenga shule katika kijiji chake, mahali wakubwa na watoto wanapojifunza, na kwa kupinga mila zinazowadhuru wasichana.

Msomaji, yatazame tena majina tuliyoyapitia. Magaw, Breckinridge, Peplau na Ford, kila mmoja alianza kwa kuona upungufu mahali fulani: usingizi unaoua, mama anayekufa mlimani, mgonjwa wa akili asiyesemeshwa, mtoto asiyepimwa. Uhitaji ndio uliowafungulia mlango. Lakini uhitaji peke yake haukuweza kuuweka mlango wazi. Waliouweka wazi ni wale walioandika hesabu, wakakubali kupimwa, wakavumilia kuulizwa. Kwa hiyo, kama unapenda sayansi na unapenda watu, usiuchague uuguzi kama mtu aliyekosa nafasi ya udaktari. Uchague kama kazi yenye elimu yake, isiyo na ukomo ambao mwingine amekuwekea. Na kama hutauchagua, basi mheshimu yule atakayeuchagua, na utakapokuwa na sauti katika kaunti yako au bungeni, ukumbuke kuuliza ni nani aliyesimama kando ya kitanda cha mgonjwa usiku, na amefundishwa kiasi gani.